Ugumu Si Hisia: Usukani, Springi na Starehe katika Magari ya Michezo

Katika mijadala ya magari ya michezo, yaani magari ambayo huundwa kwanza kwa ajili ya raha ya kuyaendesha na baadaye ndipo abiria na mizigo hufikiriwa, kuna imani iliyozoeleka kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa: kwamba dereva anayetaka usukani unaozungumza na gari linalotii katika kona hana budi kukubali mgongo uumie, na anayetaka safari tulivu hana budi kukubali usukani bubu. Imani hii ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo itachunguzwa hapa, lakini sehemu yake kubwa imetokana na kuchanganya vitu viwili tofauti, navyo ni ugumu wa springi na hisia za usukani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ugumu na hisia hutoka katika sehemu tofauti za gari, kwamba baadhi ya magari yanayosifiwa mno kwa usukani wake yalikuwa na springi laini, na kwamba mgongano wa kweli kati ya hisia na starehe umejificha mahali padogo, katika vipande vya mpira ambavyo mafundi huviita bushi na katika mtambo unaomsaidia dereva kuzungusha usukani.

Neno usukani lilikuwa la chombo cha baharini kabla halijawa la gari, na asili hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu nahodha aliyeshika kana ya jahazi, yaani mpini wa usukani wake, hakuitumia kuelekeza chombo tu, bali pia alipokea kupitia kana hiyo uzito wa maji, na kwa uzito huo aliweza kukisia mwendo wa chombo na nguvu ya mkondo hata gizani. Hisia za usukani wa gari ni jambo la aina hiyohiyo: ni habari zinazopanda kutoka kwenye tairi hadi kwenye viganja vya dereva. Utiifu wa gari ni jambo jingine, nao ni namna gari linavyoitikia amri, kwa haraka gani, kwa usahihi gani, na kwa utulivu gani linapokaribia kikomo cha mshiko wa matairi. Starehe ya safari ni kiasi cha mitikisiko ya barabara kinachozuiwa kisimfikie aliyeketi ndani. Gari linaweza kuwa na utiifu mkubwa bila hisia yoyote, kama itakavyoonekana, na linaweza kuwa na hisia tele huku utiifu wake ukiwa wa wastani tu.

Chanzo cha hisia ni tairi, na hapa panahitaji subira kidogo, kwa kuwa kila kinachofuata kinategemea jambo hili. Gari linapopinda kona, tairi la mbele halielekei hasa kule linakokwenda. Mpira wake hujipinda pale unapogusa barabara, na baina ya mwelekeo wa ringi na njia halisi ya gari hutokea pembe ndogo inayoweza kuitwa pembe ya mchepuko. Pembe hiyo ndiyo inayozaa nguvu ya pembeni inayoligeuza gari. Lakini nguvu hiyo haisimami katikati ya eneo ambalo tairi linagusa lami. Husimama nyuma kidogo ya katikati, kwa sababu mpira huingia eneo hilo ukiwa haujajipinda na huzidi kujipinda kadiri unavyosogea nyuma. Umbali huo mdogo wa nyuma hufanya kazi kama mkono wa wenzo: huvuta tairi lirudi kunyooka, na mvuto huo, pamoja na ule unaotokana na mwinamo wa mhimili wa usukani, ambao mafundi wa alaimenti huuita kasta, ndio uzito anaousikia dereva mikononi.

Jambo la kushangaza linakuja pembe ya mchepuko inapozidi. Nguvu ya pembeni huendelea kupanda, lakini sehemu ya nyuma ya eneo la mguso huanza kuteleza kabla ya sehemu nyingine, hivyo kitovu cha nguvu husogea mbele na wenzo ule hufupika. Matokeo yake ni kwamba mvuto wa kunyooka hufika kileleni na kuanza kushuka mapema, ilhali mshiko wa tairi bado haujafika mwisho. Kwa maneno mengine, usukani huanza kuwa mwepesi kabla gari halijaanza kuteleza. Wepesi huo ni onyo, na dereva anayelipata hupunguza mwendo au hulegeza usukani akiwa bado na akiba. Wapenzi wa magari wanaposema kwamba usukani fulani unazungumza, hii ndiyo kauli muhimu kuliko zote unayoweza kutamka. Mengine, kama mchakacho wa changarawe na kupigwapigwa na mashimo, ni porojo, ingawa wako wanaozipenda porojo hizo kuliko kauli yenyewe.

Ikumbukwe basi kwamba katika maelezo yote hayo springi haijatajwa. Kauli ya tairi hupita kwenye kikombe cha gurudumu, kwenye fimbo ya kuvuta gurudumu, kwenye reki, yaani ule upau wenye meno unaosogezwa kushoto na kulia, kisha kwenye mhimili hadi usukanini. Springi iko kando ya njia hiyo.

Kazi ya springi ni kuubeba mwili wa gari, na kila mwili uliobebwa na springi una kasi yake ya asili ya kupanda na kushuka, ambayo hupimwa kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde, kipimo kinachoitwa hezi. Gari la kawaida la familia lina kasi ya asili ya kati ya hezi 1 na 1.5 hivi, na hilo halikutokea kwa bahati, kwa kuwa ni karibu na mwendo wa hatua za mtu anayetembea polepole, mtikisiko ambao mwili wa binadamu umeuzoea tangu utotoni. Gari likiwa laini zaidi ya hapo, hata mtikisiko ukashuka chini ya nusu hezi, abiria huanza kusikia kichefuchefu kama alicho nacho msafiri wa mashua katika mawimbi marefu. Likiwa gumu zaidi, tatizo ni la upande mwingine: mwili wa mtu aliyeketi huathiriwa zaidi na mitikisiko ya juu na chini iliyo kati ya hezi 4 na 8, kwa sababu katika masafa hayo kifua na matumbo hutikisika kwa nguvu kuliko kiti chenyewe. Magari ya michezo ya barabarani kwa kawaida hupangiwa hezi 1.5 hadi 2 au zaidi kidogo, na magari ya mashindano yenye mabawa ya kukandamiza hewa huvuka hezi 3 na kuendelea. Anayeongeza ugumu wa springi, kwa hiyo, analisogeza gari lake hatua kwa hatua kuelekea eneo lilelile ambalo mwili wa dereva hauwezi kulivumilia.

Elimu hii ilianza kupangwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1930, pale Mwingereza Maurice Olley, aliyekuwa amefanya kazi Rolls-Royce, alipohamia Cadillac nchini Marekani na kutengeneza gari la majaribio lenye vyuma vizito vinavyoweza kusogezwa mbele na nyuma ili kubadili mgawanyo wa uzito. Kwa gari hilo aligundua kwamba abiria hawachoshwi sana na kupanda na kushuka, bali na gari kuchovya, yaani pua kushuka huku mkia ukipanda na kinyume chake, na kwamba dawa yake ni kuzifanya springi za mbele ziwe laini kuliko za nyuma. Tairi la mbele hukutana na tuta kwanza, la nyuma hulifikia baadaye kidogo. Springi za nyuma zikiwa na kasi kubwa zaidi ya asili, mkia huifukuza pua na kuifikia, na baada ya mtikisiko mmoja au miwili gari zima hupanda na kushuka likiwa sawia. Mnamo 1934 kampuni ya General Motors ilianza kuuza magari ambayo kila gurudumu la mbele lilisimama peke yake badala ya kufungwa kwenye ekseli moja nzima, na manufaa yake yalikuwa pande zote mbili: safari ikawa laini, na usukani ukaachana na ule mtetemeko wa ekseli nzima uliokuwa ukiupokonya mikononi mwa dereva. Mapema kabisa, basi, starehe na usukani bora vilionekana kuja pamoja.

Iwapo ugumu wa springi hauzai hisia, unazaa nini? Unazaa wepesi wa kuitikia. Gari gumu halilali sana ubavuni linapoingia kona, kwa hiyo halihitaji muda wa kutulia kabla ya kuanza kupinda; pia matairi yake hubaki yamesimama vizuri juu ya lami, na kama lina mabawa, hubaki katika kimo kilekile ambacho mabawa hayo yanakihitaji. Faida hizi ni za kweli, lakini zina sharti moja, nalo ni kwamba barabara iwe bapa. Barabara ikiwa na mawimbi na viraka, tairi la gari gumu hukandamizwa kwa nguvu sekunde hii na kuachwa linaning'inia sekunde ijayo, na tairi linaloning'inia halina mshiko. Katika barabara kama hiyo, ulaini huleta starehe na mshiko kwa pamoja, na gari linalomtesa dereva ndilo hilohilo linalomwangusha.

Hakuna mtu aliyelielewa jambo hili kwa vitendo kuliko Colin Chapman, mhandisi wa Kiingereza aliyeanzisha kampuni ya Lotus mwaka 1952. Gari lake la Elan, lililotoka mwaka 1962, lilikuwa na chesisi ya bamba la chuma yenye umbo la uti wa mgongo, bodi ya nyuzi za kioo, injini ya sentimita za ujazo 1,558, breki za diski katika magurudumu yote manne, na uzito wa jumla ulio chini ya kilo 700. Springi zake zilikuwa laini na zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na likiingia kona lililala ubavuni waziwazi, jambo ambalo mnunuzi wa leo angelidhani ni kasoro. Matairi yake yalikuwa membamba, ringi zake za inchi 13, na vipande kadhaa vya sasipensheni ya mbele vilitokana na magari ya bei nafuu ya Triumph, si vyuma vya kifahari. Hata hivyo usukani wake umekuwa kigezo ambacho vizazi vya waundaji wamejipima nacho.

Sababu haina muujiza. Kwa kuwa gari lilikuwa jepesi, halikuhitaji matairi mapana. Kwa kuwa matairi yalikuwa membamba, usukani haukuwa mzito, kwa hiyo haukuhitaji msaada wa mtambo wowote. Na kwa kuwa hapakuwa na mtambo, hapakuwa na kitu cha kuimeza kauli ya tairi baina ya reki na viganja. Uzito mdogo ulisaidia upande wa pili pia, kwa sababu mwili mwepesi hauhitaji springi ngumu ili uzuiwe usilale kupita kiasi au usiyumbe baada ya tuta. Hapa ni lazima jambo moja lisemwe dhidi ya Elan: gari jepesi huanza na hasara katika starehe, kwa maana magurudumu, breki na mikono ya sasipensheni, vitu ambavyo havibebwi na springi, huwa ni sehemu kubwa zaidi ya uzito wake wote, na kila gurudumu linaporuka huweza kuutikisa mwili mwepesi kwa urahisi kuliko unavyotikisika mwili wa gari zito la kifahari. Chapman alilijibu hilo kwa kuyafanya magurudumu yenyewe yawe mepesi na kwa kuchagua shokapu, yaani vile vizuizi vya mafuta vinavyoituliza springi isicheze, kwa uangalifu ambao baadaye uligeuka kuwa utamaduni wa kampuni huko Hethel, katika uwanja wa zamani wa ndege za kivita wa mkoa wa Norfolk. Barabara ndogo za Uingereza, zilizopinda, nyembamba na zenye mawimbi, zilikuwa mwalimu mkali. Gari gumu halidumu siku moja katika barabara hizo bila kuaibika.

Mgongano wa kweli sasa unaweza kuonyeshwa mahali pake. Gurudumu linapogonga ukingo wa shimo, halisukumwi juu tu. Husukumwa pia kurudi nyuma, na msukumo huo wa nyuma, mfupi na mkali, ndio unaosikika ndani ya gari kama kishindo. Ili kuumeza, wahandisi huweka bushi laini za mpira pale mikono ya sasipensheni inapofungwa kwenye chesisi, ili gurudumu lirudi nyuma milimita chache na kupoza kishindo. Lakini bushi laini haijui kutofautisha msukumo wa shimo na nguvu ya kona; hulegea kwa vyote viwili, na ikilegea katika kona, gurudumu hubadili mwelekeo wake kidogo bila amri ya dereva, mwinamo wa kasta hupotea, na kauli ya tairi hufika usukanini ikiwa imechelewa na imepotoshwa. Hii ndiyo chembe ya ukweli iliyotajwa mwanzoni, na magari ya mashindano huimaliza kwa kutupa mpira na kuweka bearingi za chuma, ambazo hupitisha kila kitu, kauli na kelele pamoja.

Gordon Murray, mhandisi mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, alipoliunda gari la McLaren F1, lililozinduliwa mwaka 1992, alilitatua fumbo hili kwa njia inayostahili kuelezwa kwa ukamilifu. Mikono ya sasipensheni ya mbele ilifungwa kwa bearingi ngumu kwenye fremu ndogo, na fremu hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye bodi kwa bushi nne, laini katika mwelekeo wa mbele na nyuma lakini ngumu sana kwa pembeni, zikiwa zimepangwa kwa pembe ambazo zilifanya kitovu cha ulegevu wake kiwe chini kabisa, sawa na usawa wa barabara. Faida ya hesabu hiyo ni kwamba tairi likipigwa na shimo au likikamatwa na breki, fremu nzima hurudi nyuma ikiwa imenyooka, bila kuzunguka, na kwa hiyo mwinamo wa kasta hupotea kidogo tu. Mpira umebaki, kishindo kimepozwa, na usukani haujapotoshwa. Gari hilo halikuwa na msaada wowote wa usukani, na hata hivyo Murray aliendelea kuitaja Elan kama gari ambalo usukani wake hakuufikia. Kukiri huko kuna uzito, kwa sababu F1 ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,100 na matairi mapana, na hakuna hesabu ya bushi inayoweza kufidia yote hayo.

Upande wa pili kabisa uko Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya Maserati ya V6, lililoonyeshwa Geneva mwaka 1970. Badala ya springi za chuma lilitumia gesi iliyobanwa katika matufe na mafuta yenye shinikizo, nalo lilipita juu ya barabara mbovu kana kwamba zimetandikwa zulia. Usukani wake ulizunguka mara mbili tu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wepesi ambao ungekuwa hatari katika gari lolote la kawaida. Mafuta yale yale yenye shinikizo ndiyo yaliyougeuza, na yaliusukuma urudi katikati dereva anapoachia, kwa nguvu iliyozidi kadiri mwendo ulivyozidi; gari likiwa limesimama, usukani ulijirudisha wenyewe. Nguvu ya barabara haikuruhusiwa kufika mikononi hata kidogo. Dereva wa SM alipewa uzito, lakini ulikuwa uzito wa mashine, usiosema lolote kuhusu tairi. Gari lilikuwa tiifu na sahihi, na waliolizoea walilipenda kwa dhati. Lakini lilithibitisha kwamba utiifu na hisia vinaweza kutenganishwa kabisa, na kwamba ulaini wa springi haukuwa na hatia katika utengano huo, kwa kuwa aliyeikata kauli alikuwa mtambo wa usukani.

Kama mambo yako hivyo, inabidi kueleza kwa nini magari ya michezo ya miongo ya karibuni yamekuwa magumu kiasi hiki. Sababu ya kwanza ni uzito: gari la michezo la leo lenye kilo 1,500 na zaidi, lenye mifuko ya hewa, mota za viti na bodi iliyoimarishwa kwa ajili ya ajali, huhitaji springi na upau wa stabilaiza wenye nguvu ili lisilale. Stabilaiza ni ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisiinamie upande mmoja, na kasoro yake ni kwamba pigo la shimo kwenye gurudumu moja hupelekwa pia kwa la pili, hivyo vichwa vya abiria hurushwa kushoto na kulia. Sababu ya pili ni ringi. Ringi za inchi 20 au 21 huvutia macho, lakini huacha ukuta mwembamba wa tairi, na ukuta wa tairi ndio springi ya kwanza kabisa ya gari. Sababu ya tatu ni Nürburgring, njia ya mashindano ya Ujerumani yenye urefu wa karibu kilomita 21, ambako kampuni nyingi hujaribu magari yao na kutangaza muda wa mzunguko mmoja. Muda huo hauna maana kwa mtu anayekwenda kazini. Na kuna sababu ya nne, ambayo haipendezi kuitaja mbele ya wauzaji: ugumu husikika katika dakika kumi za kujaribu gari dukani, ilhali usukani mzuri huchukua wiki kadhaa kujulikana. Mnunuzi huchanganya kutikiswa na kuambiwa.

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake katika kesi hii, na si wa kubahatisha. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa kwa miongo kadhaa mtihani mkali kuliko yote wa kuunganisha utiifu na ulaini. Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lenye viti viwili, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye mwaka huo alilingana pointi na Harry Källström na kupewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Mwaka 1978 Porsche ilileta 911 zilizoinuliwa kimo na kuongezewa nafasi ya springi kupanda na kushuka. Vic Preston Mdogo alishika nafasi ya pili, akiwa nyuma ya Jean-Pierre Nicolas aliyekuwa katika Peugeot 504. Hapa msomaji wa Kenya anaweza kutabasamu, kwa sababu 504, katika umbo lake la kawaida zaidi, ilikuwa ni gari la kubebea abiria wa safari ndefu, na sifa yake kubwa ilikuwa springi ndefu na laini zilizoifanya isahau mashimo. Katika barabara ile, tairi lililobaki chini lilishinda tairi lililoruka, na hesabu ikaishia hapo.

Wahandisi wa karne hii wamejaribu kuuondoa mgongano kwa njia mbili za akili. Njia moja ni shokapu zenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma, ambazo sumaku ya umeme huzipanga na kuyafanya mafuta yawe mazito ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Zilionekana kwanza katika Cadillac Seville STS ya mwaka wa modeli 2002, zikafuata Corvette ya 2003, kisha Ferrari 599 ya 2006. Njia ya pili ni ya McLaren MP4-12C ya 2011, ambayo iliondoa stabilaiza za chuma kabisa na kuunganisha shokapu kwa mabomba ya mafuta, hivyo gari likilala ubavuni mabomba hupinga, lakini gurudumu moja likigonga shimo mabomba hulipisha. Gari hilo lilikuwa na safari tulivu kuliko magari mengi ya familia, na bado utiifu wake haukupungua. Alpine A110 ya 2017, iliyotengenezwa Dieppe nchini Ufaransa, ilirudi kwenye njia ya Chapman bila mabomba wala sumaku: aluminiamu, uzito wa takriban kilo 1,100, mikono miwili ya sasipensheni kwa kila gurudumu, springi laini, na vizuizi vya mafuta vinavyoanza kazi mwishoni mwa safari ya springi ili isigonge kwa kishindo. Kwa mtazamo wa mhadhara huu, Alpine ndiyo jibu la busara zaidi, kwa kuwa limepunguza tatizo badala ya kuongeza mashine ya kulizuia.

Lakini wakati springi zikipata ufumbuzi, usukani ulipata tatizo jipya. Paua stelingi ya zamani, iliyoanza kuuzwa kwa umma katika Chrysler Imperial ya 1951, ilitumia pampu ya mafuta inayozungushwa na injini, na pampu hiyo hula nguvu muda wote, hata gari likienda moja kwa moja. Mota ya umeme iliyochukua nafasi ya pampu hiyo hula nguvu pale tu usukani unapozungushwa, na zaidi ya hayo inaweza kuliegesha gari na kulirudisha katika mstari wake, mambo ambayo sheria za matumizi ya mafuta na wateja wa leo wanayataka. Honda iliweka mota ya aina hiyo katika NSX za gia otomatiki, huku zile za gia za mkono za mwanzo zikiachwa bila msaada wowote. Porsche ilianza kuiweka katika 911 mwaka 2011, na malalamiko yaliyofuata yalikuwa makubwa. Walalamikaji hawakuwa watu wa kulilia zamani tu. Mota huzunguka kwa kasi na kuunganishwa na reki kwa gia, na gia hizo huzidisha uzito wa mota na msuguano wake mara nyingi, kiasi kwamba kile kijishuko kidogo cha mvuto wa tairi, lile onyo lililoelezwa mwanzoni, hufa ndani ya gia kabla hakijafika popote. Kompyuta inaweza kuamriwa ifidie msuguano huo, na kila toleo limefidia vizuri zaidi kuliko lililotangulia; hata hivyo McLaren, na Lotus katika Emira yake, zimeendelea na mafuta, pampu ikizungushwa na mota badala ya injini.

Hatua inayofuata tayari imeanza. Infiniti Q50 ya 2013 ilipeleka amri ya dereva kwa waya, ikiacha mhimili wa chuma kama akiba ya dharura, na Cybertruck ya Tesla mwaka 2023 iliondoa hata hiyo akiba. Katika gari la namna hii usukani ni kifaa kimoja na magurudumu ni kifaa kingine, na uzito wote ambao dereva anausikia hutungwa na mota iliyo nyuma ya usukani. Kwa nadharia hilo ni suluhisho kamili la mgongano wote uliojadiliwa, kwa maana mtungaji wa programu anaweza kuyafuta mapigo ya mashimo, ambayo ni ya haraka, na kuupitisha ule mvuto wa tairi, ambao hupanda na kushuka polepole kwa mwendo wa mkono wa binadamu, tena akaukuza ili hata dereva mzembe ausikie. Kinachozuia ni kwamba vipimo vya nguvu huwekwa kwenye reki, na reki bado ina mota yake, gia zake na msuguano wake. Kauli iliyomezwa kabla ya kufika kwenye kipimo haimo katika programu, na mtungaji, awe stadi kiasi gani, hulazimika kuikisia kutokana na mwendo wa gari na pembe ya magurudumu, bila ya kujua kama lami iliyo chini ya tairi wakati huo ni kavu au imemwagikiwa mafuta.